Boti ya Mpira Inayopoteza Upepo: Kutafuta Chanzo na Kubandika Kiraka Kinachodumu

Boti ya mpira inapolegea, mkono wa mwenye nayo hukimbilia gundi. Haraka hiyo mara nyingi huidhuru boti kuliko tundu lenyewe, kwa sababu kiraka kilichobandikwa mahali pasipohusika, au kwa gundi isiyopatana na kitambaa, huacha utando ambao lazima ukwanguliwe wote kabla ya matengenezo ya kweli kuanza. Mwongozo huu unafuata kila dalili hadi kwenye chanzo chake, kisha unaeleza namna ya kubandika kiraka kitakachodumu. Uchunguzi umepewa nafasi kubwa kwa makusudi, maana chombo hiki hubeba watu, na kinachowaweka watu hao juu ya maji ni upepo uliomo ndani yake.

Kwanza ijue boti yenyewe

Boti nyingi za aina hii hutengenezwa kwa kimojawapo cha vitambaa viwili. Cha kwanza ni kitambaa cha poliesta kilichopakwa PVC, ambayo ni plastiki laini. Cha pili ni kitambaa kilichopakwa mpira wa kiwandani unaojulikana zaidi kwa jina la Hypalon, jina la kibiashara la kampuni ya DuPont, ambayo iliacha kuuzalisha mwaka 2010. Viwanda vingine vinaendelea kutengeneza mpira wa jamii hiyo kwa jina la CSM, na mafundi wengi bado huuita Hypalon kwa mazoea. Tofauti ya vitambaa hivi ndiyo inayoamua yote yatakayofuata: PVC hubandikwa kwa gundi ya poliyurethani, ilhali Hypalon hubandikwa kwa gundi ya neopreni, na anayezichanganya atapata kiraka kinachoonekana kimeshika vizuri lakini kitakachobanduka baada ya muda mfupi wa jua na maji.

Kuvitofautisha si kazi ngumu. PVC ni nyororo, ina mng'ao kidogo, na upande wake wa ndani unafanana na wa nje. Hypalon haing'ai, ukiigusa unahisi mpira, na upande wake wa ndani mara nyingi huwa wa rangi nyingine, ya kijivu au nyeusi, huku alama za nyuzi zikionekana. Mishono nayo husaidia, kwa kuwa ya Hypalon hugundishwa, ilhali ya PVC inaweza kuwa imegundishwa au imeunganishwa kwa joto. Shaka ikibaki, chagua sehemu iliyojificha, kwa mfano chini ya kishikio, uisugue kwa msasa: Hypalon hutoa chembe kavu kama zile za raba ya kufutia, na PVC huchubuka tu kama plastiki yoyote. Kitambaa kilicholowana asetoni kidogo, kikipitishwa juu ya PVC, huifanya inate kwenye kidole. Hypalon hainati kwa namna hiyo.

Tafuta pia bamba au kibandiko cha mtengenezaji, ambacho kwa kawaida huwa kwenye ubao wa tezi, yaani ubao wa nyuma pale injini inapofungwa, usome kiwango cha shinikizo kinachoruhusiwa. Maboya ya pembeni, yaani ile mikono miwili mikubwa iliyojazwa upepo, hujazwa hadi bar 0.2 au 0.25 katika boti nyingi ndogo. Sakafu ngumu ya kujazwa upepo hufikia bar 0.7 au zaidi. Geji ya upepo ni chombo cha lazima katika kazi hii, kwa kuwa kidole gumba hakiwezi kutofautisha bar 0.25 na bar 0.19, na tofauti hiyo ndiyo mara nyingi inayotafutwa.

Boti ililala imejaa, asubuhi imelegea, na hakuna tundu linaloonekana

Dalili hii huwasumbua watu wengi, na mara nyingi chanzo chake si tundu. Upepo ukipoa husinyaa. Geji husoma tu kile kinachozidi shinikizo la hewa ya nje, ilhali ubaridi hufanya kazi juu ya shinikizo lote lililomo ndani, pamoja na lile lisiloonekana kwenye geji. Ndiyo maana badiliko dogo la joto huonekana kubwa. Ukijaza boya hadi bar 0.25 mchana, wakati upepo ulio ndani una nyuzijoto 35 za Selsiasi, kisha usiku ukapoa hadi nyuzijoto 20, geji itasoma takriban bar 0.19 asubuhi ingawa hakuna upepo wowote uliotoka. Robo ya shinikizo imepungua bila tundu. Hali hiyohiyo hutokea boti iliyojazwa juani inaposhushwa kwenye maji baridi, na dawa yake ni kuiacha ipoe kwa dakika chache majini kisha kuiongeza upepo.

Kipimo cha kutofautisha ubaridi na uvujaji ni rahisi. Jaza vyumba vyote vya upepo kwa kiwango kimoja, weka boti kivulini, soma geji ya kila chumba, kisha usome tena saa 24 baadaye, wakati joto la hewa limerudi pale lilipokuwa. Vyumba vyote vikiwa vimerudi pale vilipokuwa, au vimeshuka kidogo kwa kiasi kinacholingana, ulegevu wa asubuhi ulitokana na joto. Chumba kimoja kikiwa kimeshuka zaidi ya wenzake, kuna uvujaji, nawe tayari unajua pa kuutafuta. Jua la mchana lina hatari iliyo kinyume: boti iliyojazwa barabara asubuhi na kuachwa ufukweni hupandisha shinikizo hadi mishono na viambaza vya ndani, yaani kuta zinazotenganisha vyumba, vikaanza kuvutika, kwa hiyo ipunguze upepo kabla ya kuiacha.

Chumba kimoja kinapoteza upepo: anza na vali

Tengeneza maji ya sabuni ya kuoshea vyombo, yenye povu jepesi, uyapake kwa sponji au kwa chupa ya kupulizia. Kabla ya kugusa mahali pengine popote, fungua kifuniko cha vali na ujaze maji hayo kwenye kikombe chake. Uvujaji wa vali una sura yake: kiputo kimoja kinavimba taratibu katikati, kinapasuka, kisha kingine kinaanza palepale. Kiputo kikitokea katikati, kiwambo cha ndani au springi yake haikai sawasawa, na mara nyingi chanzo ni punje ya mchanga au uchafu ulionasa chini yake. Bonyeza kitufe cha vali mara kadhaa ili upepo unaotoka usukume uchafu nje, kisha upime tena. Kama hali haibadiliki, toa upepo wote, fungua vali, uisafishe kwa maji yasiyo na chumvi, na ukague pete ya mpira, yaani oringi, kama imepasuka au imekakamaa.

Viputo vikitokea kwenye ukingo wa vali, pale inapokutana na kitambaa, vali yenyewe ni nzima lakini imelegea. Vali nyingi huwa na sehemu mbili zinazokaza kitambaa katikati yake kwa hesi, na hukazwa kwa ufunguo maalumu unaouzwa pamoja na vipuri vya boti. Koleo la kawaida huvunja meno ya plastiki, na vali iliyovunjika hivyo ni kazi kubwa kuliko iliyolegea, kwa hiyo ni afadhali kusubiri ufunguo. Usipuuze kifuniko pia: katika vali nyingi kifuniko chenye pete nzima ndicho kizuizi cha mwisho, na boti inayovuja kifuniko kikiwa wazi inaweza kutovuja kabisa kikiwa kimefungwa. Lakini boti kama hiyo bado inahitaji kutengenezwa vali, kwa sababu kifuniko hicho kikipotea safarini hakuna kitakachobaki.

Vali ni nzima, na upepo bado unatoka

Sasa pima chumba chote, sehemu kwa sehemu, boti ikiwa imejazwa hadi kiwango chake kamili mahali pasipo na upepo mkali. Anzia pale penye msuguano: chini ya omo, yaani sehemu ya mbele, ambako boti huburutwa, mahali kamba ya nanga inapopita, kuzunguka vishikio na vishikizo vya makasia, na kwenye pembe ambamo boya linakutana na ubao wa tezi, kwani hapo mchanga hujikusanya na kusaga kitambaa kila watu wanaposogea. Kisha geuza boti upime tumbo lake. Sikiliza, na upitishe shavu lililolowana maji karibu na kitambaa. Ngozi yenye unyevu huhisi upepo mdogo sana. Tundu la mwiba hutoa mstari mwembamba wa viputo vidogo visivyokoma. Mara unapoliona, lizungushie duara kwa penseli, kwa sababu boti ikishatolewa upepo tundu hilo halitaonekana tena. Baada ya kuliweka alama usiache kutafuta, kwani mwiba uliotoboa mara moja huenda ulitoboa mara mbili.

Wakati mwingine viputo hutokea kwenye ukingo wa mshono, chini ya ukanda wa mpira unaolinda ubavu, au pembezoni mwa kiraka cha zamani, na hapo wengi hudanganyika. Kitambaa cha boti kina nyuzi katikati ya tabaka zake, na upepo ulioingia ndani ya kitambaa kupitia dosari ndogo ya upande wa ndani unaweza kusafiri katika nyuzi hizo na kutokea mbali, mahali kitambaa kilipokatwa. Ukiziba pale upepo unapotokea, upepo huo utahamia kwenye njia nyingine. Ishara yake ni viputo vidogo vilivyojipanga kwenye ukingo mrefu badala ya kutoka mahali pamoja, au uvimbe laini chini ya uso wa kitambaa unaobonyea ukiugusa. Kwa hali hii dawa inayofaa zaidi ni kimiminika cha kuziba kinachomiminwa ndani kupitia vali, kisha boti ikageuzwa pande zote ili kipake ukuta wote wa ndani.

Dawa hiyohiyo hutumiwa pale eneo zima linapotoa viputo vidogo mno, hata sehemu yote ikafunikwa na povu jeupe. Maana yake ni kwamba utando wa kitambaa umechakaa na unapitisha upepo kila mahali. Viraka havina kazi hapo. Kimiminika cha ndani huirefushia boti maisha, lakini hakikifanyi kitambaa kilichochakaa kuwa kipya, na boti ya namna hiyo isitumiwe mbali na ufuko.

Vyumba viwili vinalegea pamoja, na nje hakuna kiputo

Boya kwa kawaida limegawanywa kwa viambaza vya ndani, ili chumba kimoja kikipasuka vingine viendelee kuifanya boti ielee. Kiambaza kikitoboka au kikibanduka, vyumba viwili huwa kimoja bila mtu kujua. Ili kuthibitisha, jaza vyumba vyote sawa, kisha toa upepo wa kimoja tu. Jirani yake akianza kulegea polepole ilhali maji ya sabuni hayaonyeshi chochote nje, kiambaza ndicho kinachovuja. Chanzo cha kawaida ni ujazaji wa pupa, ambapo chumba kimoja hujazwa hadi mwisho wakati cha jirani kikiwa kitupu, na kiambaza kikabeba shinikizo lote peke yake. Jaza kila chumba nusu kwanza, kisha uzunguke tena na kuvikamilisha.

Uvujaji mdogo wa kiambaza unaweza kuzibwa kwa kimiminika cha ndani. Uliopasuka unahitaji boya kufunguliwa na kufungwa upya, na hiyo ni kazi ya karakana. Boti yenye dosari hii inaweza kuonekana nzima kabisa mchana kutwa. Hatari yake hujitokeza siku chumba kimoja kinapopasuka na cha pili kukifuata, na kwa sababu hiyo haifai kuahirishwa.

Maboya yamejaa vizuri, lakini ndani ya boti kuna maji

Hapa upepo hauhusiki. Kagua kizibo cha kutolea maji kwenye ubao wa tezi pamoja na pete yake, kisha boliti za injini, kisha mahali sakafu inapoungana na maboya. Weka boti juu ya vigogo viwili nchi kavu, mimina ndoo chache za maji ndani, ukaushe upande wa nje kwa kitambaa, na utazame pale tone la kwanza linapojitokeza. Sakafu ya kitambaa hubandikwa kiraka kama sehemu nyingine. Ubao wa tezi ulioachana na gundi yake ni jambo zito zaidi, kwa kuwa ndio unaobeba msukumo wa injini. Usiende safari ya injini hadi utengenezwe.

Sakafu ya kujazwa upepo imevimba mahali pamoja

Sakafu hizi zina maelfu ya nyuzi zinazounganisha uso wa juu na wa chini ili zibaki bapa chini ya shinikizo kubwa. Uvimbe wa mviringo unaonyesha kwamba nyuzi za hapo zimekatika au zimeachana na uso, na hakuna kiraka kitakachozirudisha. Punguza shinikizo mara moja, kwa sababu kila unapojaza nyuzi za jirani hubeba mzigo wa zile zilizokatika na kuzifuata. Sakafu hiyo inabadilishwa.

Kubandika kiraka

Pima jeraha kabla ya kukata kiraka. Tundu la mwiba au mpasuko mfupi unahitaji kiraka cha nje tu, kinachozidi jeraha kwa angalau sentimita 5 kila upande. Mpasuko unaozidi upana wa kiganja unahitaji kiraka cha ndani kwanza, kisha kingine cha nje kilicho kikubwa zaidi. Mpasuko uliokatiza mshono, au ulio karibu na vali au kiambaza, upelekwe kwa fundi mwenye vifaa. Kiraka kikatwe kutoka kitambaa cha aina ileile ya boti, na pembe zake ziviringwe, kwani pembe iliyochongoka ndiyo ya kwanza kunyanyuka.

Chagua siku kavu na mahali penye kivuli na hewa ya kutosha. Joto la nyuzi 18 hadi 25 linafaa zaidi, na unyevu wa hewa ukizidi asilimia 70 ni afadhali kuahirisha. Sababu yake ni hii: kiyeyushi kilichomo kwenye gundi kinapokauka hupoza uso wake, na katika hewa yenye unyevu mvuke hugeuka maji juu yake. Utando huo wa maji hauonekani kwa urahisi, nao hutenganisha nyuso mbili ambazo fundi anaamini zimeshikana. Vaa glavu, usiwe karibu na moto wala sigara, na usifanye kazi hii ndani ya chumba kilichofungwa. Mvuke wa viyeyushi hudhuru, na kigumishi cha gundi nyingi kina kemikali zinazowasha mapafu na ngozi.

Toa upepo wote, utandaze sehemu hiyo juu ya ubao ulionyooka, na uioshe kuondoa chumvi na sabuni. Ikikauka, weka kiraka mahali pake, chora mzunguko wake kwa penseli, na uchore vistari vichache vinavyovuka kutoka kwenye kiraka hadi kwenye boti ili baadaye urejeshe kiraka palepale. Zungusha tepu ya karatasi nje ya mstari. Hypalon lazima isuguliwe kwa msasa, boti na kiraka vyote viwili, hadi uso wote uwe umefifia bila doa linalong'aa, kisha ifutwe kwa tolueni. PVC haihitaji msasa mzito. Kinachouandaa uso wake ni asetoni au kiyeyushi kiitwacho MEK, inayofutwa kwa kitambaa cheupe hadi kitambaa kitoke safi. Geuza kitambaa kila mara, la sivyo utakuwa unahamisha mafuta kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kuanzia hapo uso huo usiguswe kwa kidole.

Gundi ya vijenzi viwili, yaani gundi yenyewe na kigumishi kinachochanganywa nayo, ndiyo inayostahili kutumika kwa matengenezo ya kudumu. Kigumishi huwa asilimia chache tu ya uzito wa gundi, kwa hiyo kipimwe kwa mizani ndogo au kwa bomba la sindano badala ya kukadiriwa kwa jicho, na uchanganye kiasi kidogo tu, kwa kuwa mchanganyiko huharibika ndani ya saa chache. Paka tabaka jembamba kwenye nyuso zote mbili kwa brashi ngumu, ukiisugua gundi iingie katika kitambaa. Iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, ambao mara nyingi ni kati ya dakika 10 na 20, kisha upake tabaka la pili. Wakati wa kuunganisha ni pale unapogusa kwa fundo la kidole na kuhisi gundi inavuta kidogo bila kubaki kwenye ngozi. Kuungana kabla ya hapo hufungia kiyeyushi ndani, nacho kitatafuta njia ya kutoka na kuacha mapovu. Ukichelewa, gundi ya Hypalon huhitaji tabaka jipya, ilhali ya PVC mara nyingi huamshwa tena kwa joto la wastani la kikausha nywele.

Fuata vistari ulivyochora, uanzie katikati au ukingo mmoja, na ulaze kiraka taratibu bila kukivuta, kwa sababu kikishagusa hakitasogezwa. Kandamiza kwa rola ndogo au mgongo wa kijiko, kutoka katikati kuelekea pembeni, kwa nguvu yote ya mkono. Gundi ya aina hii hutegemea nguvu ya mkandamizo kuliko urefu wa muda wa kuwekewa uzito, na kingo zinastahili kupitiwa mara nyingi zaidi. Kwa kiraka cha ndani, paka gundi upande wa ndani wa midomo ya mpasuko, kunja kiraka, na ufunike nusu yake kwa karatasi nyembamba ya plastiki kabla ya kukiingiza. Bandika mdomo mmoja, vuta plastiki, kisha lete mdomo wa pili ukutane na wa kwanza bila kuacha mwanya wala kupandana. Nyunyiza poda ndani ili gundi iliyobaki wazi isishikane na ukuta wa upande wa pili.

Usijaze boti kabla ya saa 24, na mara ya kwanza uijaze hadi ikunjuke tu. Gundi nyingi za vijenzi viwili hufikia nguvu kamili baada ya siku 7 hivi. Shinikizo kamili na mzigo visubiri siku hizo.

Kiraka kimebanduka

Kiraka kilichobanduka kisitupwe kabla ya kusomwa, kwa maana mgongo wake unaeleza kilichoharibika. Kishike kwenye mwanga pamoja na alama kilizoziacha kwenye boti. Gundi yote ikiwa imebaki kwenye kiraka na boti ikiwa safi, uso wa boti haukuandaliwa: haukusuguliwa, au ulikuwa na mafuta ya kung'arishia yenye silikoni, ambayo hukataa gundi yoyote na huhitaji kufutwa kwa kiyeyushi mara kadhaa. Ikiwa imebaki kwenye boti peke yake, kiraka ndicho ambacho hakikuandaliwa. Gundi ikiwepo pande zote mbili, kavu na yenye kung'aa, kila tabaka lilishika upande wake lakini hayakushikana yenyewe kwa yenyewe, ama kwa kuchelewa au kwa kutokandamizwa. Ikiwa na ukungu mweupe, ni unyevu. Ikiwa laini na inavutika nyuzinyuzi, kigumishi kilisahaulika, kilikuwa kidogo au kimepitwa na muda. Vishimo vidogo vya mviringo vilivyotapakaa ni kiyeyushi kilichofungiwa ndani.

Kiraka kikitoka na utando wa boti, nyuzi zikabaki wazi, gundi ilifanya kazi yake na kitambaa ndicho kilichokufa. Hapo hakuna haja ya kubadilisha gundi. Jaribu kuvuta mshono mmoja kwa kucha, na kama nao unafunguka, boti nzima imefikia mwisho wake.

Kabla ya kubandika upya, ondoa gundi yote ya zamani kwa kiyeyushi na msasa. Gundi mpya juu ya gundi iliyoshindwa itakuwa imara kama ile iliyoshindwa tu. Tahadhari hii inahusu pia gundi ya haraka ya matone, ambayo hukauka ikawa ngumu na kukatika kitambaa kinapojikunja, na silikoni ya bomba, ambayo haishiki vizuri na huacha mabaki yanayoharibu kazi ya fundi atakayefuata.

Upepo ukitoka safarini

Punguza mwendo na uelekee pwani iliyo karibu. Sogeza watu na mizigo upande wenye vyumba vizima, hakikisha kila mmoja amevaa jaketi la kujiokoa, na ukiweza inua upande uliotoboka juu ya maji. Kibanio cha chuma chenye vipande viwili, kimoja kikiingizwa ndani ya mpasuko na kingine kikikazwa juu yake, huziba mpasuko bila kuhitaji uso mkavu na kinastahili kuwemo katika kila boti pamoja na pampu. Tepu ya matengenezo husaidia kwa tundu dogo likikaushwa. Vyote viwili viondolewe nchi kavu, na tepu isigeuzwe kiraka cha kudumu.

Jaribio la mwisho

Siku 7 zikitimia, jaza vyumba vyote hadi kiwango cha bamba, paka maji ya sabuni kuzunguka kingo zote za kiraka, na usubiri angalau dakika 2 mahali pamoja, kwa sababu uvujaji mdogo huchukua muda kuunda kiputo. Suuza sabuni. Kisha rudia kile kipimo cha saa 24 kivulini, geji mkononi, katika joto lilelile. Chumba kilichobandikwa kikiwa kimeshuka sawa na vingine, boti inaweza kurudi majini.